Vikapu Vilivyopinduliwa Langoni

Kila nikipitiwa na lori la majani mabichi ya chai hapa Merigi nilipo na duka langu, harufu yake huniwasha mgongo. Ni kikapu cha mgongoni ninachokikumbuka. Mama alinitengenezea changu kidogo nikiwa darasa la tatu, nami wakati wa likizo nilikibeba shambani kwa maringo, ingawa nilichochuma kingetosha birika moja tu.

Tuliishi katika kambi ya wachumaji, kwenye shamba moja kubwa la chai upande wa Kericho, sisi tuliotoka Kisii pamoja na majirani zetu Wakipsigis. Mwanamke aliyeheshimiwa kuliko wote pale alikuwa Mama Bosibori, mfupi, mkali kama pilipili, ambaye hata akicheka ungedhani anakugombeza. Kabla sijazaliwa, nyapara aliwachapa wachumaji fimbo za miguu. Siku alipomchapa mja mzito, Mama Bosibori alishusha kikapu, akamwaga majani chini, akakipindua na kukikalia. Wenzake wakapindua vyao mmoja mmoja, na shamba likanyamaza. Alifukuzwa, akarudi. Akafungiwa nyumba, akalala nje. Lakini fimbo ilikoma, na waliojifungua wakaanza kupewa likizo ya uzazi. Tangu hapo, mwanamke wa kambini akipindua kikapu, ulijua maneno yamekwisha.

Jambo moja tu lilimshinda. Barabara ya mbele, ile iliyopita kando ya maua ya meneja, ilikuwa marufuku kwetu. Wachumaji tulizunguka kwa lango la nyuma, njia ya kuni na takataka. Alilipigania hilo hadi pumzi ya mwisho.

Alipofariki, jeneza lilipakiwa kwenye pikapu ili akazikwe kwao Kisii. Desturi ya kambi ilikuwa mchumaji kusindikizwa na wenzake, kila mmoja na kikapu kitupu mgongoni. Tukaandamana nyuma ya gari mpaka lango la mbele, na pale bawabu Koech akasimama njiani.

"Mama, mimi natumwa tu," alimwambia mama yangu, macho chini. "Zungukeni kwa nyuma, tafadhali."

"Koech, nyuma hutolewa taka. Huyu ni taka?"

"Hapana, mama. Lakini nikifungua hii lango, kazi yangu imeisha."

"Basi usifungue. Sisi tutakaa."

Akapindua kikapu chake katikati ya barabara, akakikalia. Wakafuata wengine, Wakisii kwa Wakipsigis, mpaka lango lote likazibwa na wanawake walioketi. Nami nikapindua changu, nikakikalia kwa kishindo, nacho kikapinda upande mmoja. Mvua ya mchana, ile ya Kericho isiyokosa miadi, ikatunyeshea. Hakuna aliyeinuka. Wakaimba nyimbo za kanisani huku maji yakiwachuruzika usoni.

"Mama, tumechoka?" nilimnong'oneza.

"Nani amechoka? Imba."

Siku hiyo hakuna lori lililopita, wala jani lililofika kiwandani. Mwishowe meneja mwenyewe akatoka na mwavuli, akamwashiria Koech afungue. Tuliinuka na kuweka vikapu mgongoni. Dereva alitaka kukanyaga mafuta, mama akampigia bodi ya gari kofi.

"Polepole! Usimkimbize mama yetu."

Tukapita mbele ya yale maua, hatua kwa hatua. Moyo wangu ulijaa furaha, na nikaona haya kufurahi matangani.

Kwa miaka mingi niliamini tuliketi pale kwa ajili ya marehemu, ili aondoke kwa heshima. Nilipokua ndipo nikaelewa kwamba aliyelala ndani ya jeneza hajui mbele wala nyuma. Barabara ile tulijidaia sisi wenyewe, na Mama Bosibori, hata akiwa maiti, ndiye aliyetutangulia. Yeye aliipita mara moja tu, akiwa amelala.

Siku hizi mashine zinachuma, na kuna wanaoniambia mambo ya vikapu yamepitwa na wakati. Sawa. Lakini nikienda kumtembelea dada yangu ambaye bado yuko kambini, napita lango la mbele, katikati ya barabara, kwa miguu yangu. Gari la meneja likinipigia honi kwa nyuma, sigeuki. Na lisubiri.