Alama ya Mabuyu

Mwalimu wa Kiingereza pale Kakuyuni husahihisha insha huku akimumunya mabuyu, vidole vyekundu kushinda kalamu yake. Kosa hulipigia mstari tu, hakutajii, hukwambia usome kwa sauti, polepole, mpaka sikio lako lenyewe likwame, naye huguna tu, "Enhee."

Mtihani ulipokaribia, Kahaso alirudishiwa insha yake juu ya nyanyake aliyekimbizwa hospitali kwa bodaboda. Ukurasa wa kwanza ulijaa wino mwekundu. Wa pili ulikuwa safi, ila alama moja ya kidole chenye mabuyu. Moyo ukamruka kwa furaha.

"Huku sikukosea, mwalimu?"

"Umekosea tele, mwanangu," akasema, akitema kokwa. "Nilisahau kusahihisha. Nilitaka kujua kama nyanya alifika."