Dushmani wa Merrylands

Nilitoka Tanga kwenda Sydney kwa sababu moja: nilichoka kuwa babu wa kwenye simu. Binti yangu Zuhura, anayeuguza wazee kule Australia, ana watoto wawili, na wote walifika umri wa kuanza shule bila mimi kuwashika mkono. Mipaka ilipofunguliwa baada ya ule ugonjwa wa korona, nikamwambia anitafutie viza. Watu wa mtaani kwangu, Ngamiani, wakauliza mzee wa darasa la tatu ataongea nini na Wazungu. Nikawajibu kuwa karakana yangu ya maturubai ya malori sikuijenga kwa cheti, na sindano haijawahi kuniuliza nimesoma wapi.

Dar es Salaam walinitia kijiti puani na kukagua cheti cha chanjo mara tatu, kama vile nimekiiba. Doha nilikaa saa sita na barakoa usoni. Kutoka hapo ni saa kumi na nne angani. Sikupata usingizi, nikawa nakagua mishono ya viti. Mingine ilishonwa kivivu.

Sydney nilifika asubuhi, mvua inanyesha, na iliendelea kunyesha karibu wiki mbili. Zuhura anakaa Merrylands, si mbali na Parramatta. Wajukuu nikiwasalimia kwa Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza, na tunaelewana vizuri tu. Wiki ya kwanza nilikuwa na raha tele. Ya pili, mama yao kazini, wao shuleni, mikono ikaanza kuniwasha.

Siku ya kumi na moja nilichungulia juu ya ua nikamwona jirani, mzee wa ndevu nyeupe, anahangaika na turubai lililochanwa na mvua juu ya tanuri lake la mkate. Alikuwa analishona kama mtu anayefunga gunia. Nikazunguka mlango wa mbele, nikamnyang'anya sindano.

Jina lake Kadiri, Mwafghani. Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuokoteza, lakini yeye akisema chai, nami nasema chai. Akataja sabuni, rangi, bustani. Nikamwambia hayo ni maneno yetu. Akasema ni yao. Tukabishana mpaka mkate ukaiva, mrefu kama unyayo wa jitu, tukaula kwa chai ya hiliki. Kumbe hata keram wanacheza, lile bao la mraba lenye matundu pembeni, ambalo mimi nilidhani ni la Tanga. Tangu hapo kila alasiri nilikuwa kwake.

Halafu nikaharibu. Siku hiyo alikuwa amenifunga mara tatu, nikamtania kama tunavyotaniana nyumbani: "Leo wewe ndiye dushmani wangu." Ni neno la wazee wetu wa pwani, maana yake adui. Nililichagua makusudi nikijua atalielewa. Akalielewa. Aliweka kete chini, akaingia ndani. Siku tatu pazia lake halikufunguliwa wala tanuri halikutoa moshi.

Zuhura akaniuliza nimemfanya nini ami Kadiri. Nilipomweleza, akaniambia nikamwombe radhi. Nikakataa, mimi siombi radhi kwa mchezo. Siku ya nne nikavaa kanzu, nikamwambia twende.

Kadiri alitupokea vizuri, na hilo ndilo lililonitia haya. Akaeleza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, Zuhura akiunga na kunitafsiria. Alikuwa kijana wa kijiji cha mizabibu, kaskazini mwa Kabul. Wakomunisti wa nchini mwao walipindua serikali, wakaanza kugawa ardhi za watu kwa amri, kukamata masheikh na wazee, na kuuana wenyewe kwa wenyewe. Vijiji vikaasi. Warusi, jirani zao wakubwa, wakaogopa kwamba serikali ya rafiki zao itaanguka pale mpakani. Wakaingia na vifaru, wakamuua rais waliyemkuta, wakaweka wa kwao, na wakasema wamealikwa.

"Mgeni gani anamuua mwenye nyumba?" Kadiri akaniuliza.

Helikopta zikapiga mizabibu na mifereji ya chini kwa chini iliyoleta maji. Wamarekani na Wapakistani nao wakamwaga silaha kwa waasi. Watu wakakimbia kwa mamilioni. Baada ya karibu miaka kumi Warusi wakaondoka, na Waafghani wakabaki na bunduki zote zile, wakaelekezeana. Mwaka uliotangulia kuja kwangu, watu wa Merrylands walipofungiwa majumbani kwa ajili ya ugonjwa, helikopta zilipita juu ya mapaa na askari wakawa wanabisha hodi kuuliza kama watu wako ndani. Kadiri alisema askari wale walikuwa na adabu kabisa. Ila yeye alijikuta amejificha bafuni.

Na dushmani? Ndivyo Warusi na serikali waliyoiweka walivyowaita waasi. Siku jeshi lilipozingira kijiji chao, aliyesimama na kipaza sauti akiwaamuru madushmani watoke alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Rahimu, aliyechukuliwa jeshini kwa nguvu. Kadiri alitorokea Pakistan kwa miguu. Mama yao alifia kijijini, Rahimu akamzika, na vita vya baadaye vikakisawazisha kijiji. Kadiri hajui mama yake amelala wapi. Anayejua ni Rahimu peke yake, na Rahimu yuko Sydney hii hii, anafanya kazi katika ghala la Wetherill Park. Miaka arobaini hawajasemeshana.

Nikamuuliza kwa nini hamuulizi. Zuhura akanikanyaga mguu. Kadiri akasema, "Mdomo ulioniita vile, siuombi kitu."

Jumamosi nilikwenda Wetherill Park. Kadiri hakunituma. Tulipanda basi mimi na Zuhura, yeye akinung'unika njia nzima kwamba Australia watu hawaingiliani hivyo. Maghala ya kule ni makubwa, na malori yake yamefunikwa kwa maturubai mazuri, hilo nakiri. Tukamuulizia Rahimu, tukamngoja getini mpaka zamu yake ikaisha. Mtu mfupi, miwani, koti la kung'aa. Nikamwambia mimi ni jirani wa kaka yako. Nimemwita dushmani kwa kutojua, na wewe ulimwita kwa kujua, kwa hiyo umenishinda.

Alivua miwani, akaifuta. Kisha akasema, "Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nyuma yangu kulikuwa na bunduki. Walinipa karatasi nisome, nikasoma. Sina maelezo mazuri kuliko hayo."

"Na kaburi?"

"Nalijua. Hajaniuliza."

Nikamwambia, "Yeye hawezi kuuliza, wewe huwezi kusema. Vizee vizima mnamsusia mama yenu kaburini?"

Zuhura akatafsiri kwa maneno mengi kuliko yangu, nikajua ananipunguzia makali. Nikamwambia aseme kama nilivyosema. Akasema. Rahimu akatutazama, akapanda gari lake, akaondoka. Tulirudi na basi, na mwanangu akachagua kiti mbali na changu.

Jumapili ya pili yake Rahimu akaja mwenyewe, mikono mitupu. Kadiri alikuwa uani pamoja nami. Hawakukumbatiana. Kadiri alisema neno moja tu kwa lugha yao, nadhani ni "Wapi?" Rahimu akaanza kueleza, huku akionyesha kwa mikono: huku ukuta, kule kisima. Kadiri akaleta bahasha kuukuu na kalamu, mdogo wake akachora. Mara Kadiri akampokonya kalamu, akakifuta kisima na kukichora upande mwingine. Rahimu akakirudisha. Wakapandishiana sauti, vidole juu ya bahasha, na mke wa Kadiri, naye mzaliwa wa kijiji kile, akatoka jikoni kuja kuamua. Kisima kilikuwa pale aliposema Rahimu. Kadiri aliikunja bahasha ile, akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo.

Msamaha sikuusikia ukitamkwa. Nilisikia Rahimu akiambiwa akae ale. Na Jumapili iliyofuata alirudi.

Miezi yangu mitatu ya viza ilipokwisha nikaagana nao, nikapanda ndege. Tanga wananiuliza habari za daraja kubwa na ile nyumba yenye mapaa kama makombe ya baharini. Nimeviona, ni vizuri. Lakini zamani redio ikitaja taifa kubwa limeingia kwa jirani yake, mimi nilikuwa naizima nisikilize mpira. Siku hizi naiacha. Najua kuwa mle ndani kuna kijana anapewa karatasi asome, na mama atakayezikwa mtoto mmoja hayupo.

Ijumaa ya kwanza baada ya kurudi, niliwachukua wanangu wanne waliobaki Tanga mpaka Pangani alikozikwa bibi yao, mama yangu. Majani yalikuwa yamefunika, tukafyeka. Kisha nikawaambia kila mmoja anionyeshe kaburi kwa kidole chake mwenyewe, mmoja mmoja, mpaka nikaridhika.