Ng'ombe Hawakuwemo Kwenye Mashine

Mtu aliyeandika kwamba mimi ni mwoga alikuwa hajawahi kufukuza ng'ombe kwa ndege. Mimi nimewafukuza sana. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilijifunzia urubani Gisenyi, Rwanda, na hapo hatukutua kabla ya kupita chini juu ya uwanja, ili ng'ombe na akina mama wenye magunia ya viazi waondoke. "Pita kwanza," mwalimu wangu alikuwa akisema. "Ngombe iko."

Mtihani nikafanyia ng'ambo, ndani ya mashine ya kuigiza ndege. Mkono ukafuata mazoea, nikapita bila kutua. Mtahini akauliza natafuta nini. Nikamjibu, ng'ombe. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaniandika mwoga na kuniangusha.

Miezi michache baadaye alikuja Gisenyi kikazi, akiwa abiria katika ndege niliyokuwa nikiirusha pamoja na mwalimu wangu. Alipoona ng'ombe wametanda uwanjani, alinishika bega kwa nguvu.

"Pita kwanza," akasema.

Tulipotua akaomba maji ya kunywa, nami, mjinga, nikamletea. Karatasi yake ya mtihani, iliyoniita mwoga, hajaibadilisha mpaka leo.