Kilio Nilichokitia Kitabuni

Nilipokuwa mwalimu wa darasa la ubatizo Temeke, enzi za Mwingereza, nilijiona msomi kuliko nilivyokuwa. Padri wetu, Mzungu, alikuwa akiandika kijitabu cha kuwaeleza wanafunzi wangu Biblia ilitoka wapi. Alitaka waelewe kwamba haikushuka ikiwa imeshachapwa, bali ni maandiko ya watu wengi wa nyakati mbalimbali: mna sheria, mna orodha za vizazi, nyimbo, methali, barua. Kila aina alitaka kuifananisha na kitu cha hapa hapa. Methali tulikuwa nazo tele, na barua kila mtu anazijua. Tulikwama kwenye maombolezo.

"Hayo waliyatunga watu walioona mji wao umechomwa moto," padri aliniambia, "na majina yao hatunayo. Nitafutie kilio cha watu wa pwani."

Sikwenda mbali. Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja wa Kizaramo, mjane, Mwislamu, aliyeniita mwanangu ingawa mimi ni mtu wa bara na Mkristo. Mwezi wa Ramadhani futari yangu ililetwa mlangoni imefunikwa kawa, kama vile nami nimeshinda na saumu. Binti yake wa pekee alikuwa amefariki katika uzazi. Asubuhi, akipeta mchele uani, alimlilia kwa beti alizotunga mwenyewe, kwa sauti ndogo, akidhani kiambaza cha udongo kinamsitiri. Hakikumsitiri.

"Mlango naliufunga, mkunga akiugonga." Mkunga wa serikali alikuja siku ile, mama akamfungia mlango kwa kuogopa mwanawe asichukuliwe hospitali. Jambo hilo hakulitamka hata matangani.

Siku tatu nilikaa na kalamu upande wangu wa ukuta, nikaandika beti zote. Ningeweza kuomba ruhusa. Niliogopa atakataa, na padri alikuwa akingoja. Nikajipa moyo kwamba hata wale wa kale hawakuulizwa na mtu, hoja ya kipumbavu ambayo wakati ule niliiona ya kisomi. Kijitabu kikatoka, chini ya beti pameandikwa "mwanamke wa pwani". Padri alinisifu mbele ya darasa, nami nikavimba kichwa wiki nzima.

Wanawake wa darasani walizipenda zile beti, wakaziimba hata kwenye foleni ya maji. Siku moja mama alirudi kutoka bombani na ndoo tupu. Aliketi ukumbini, akaniita.

"Mwanangu, maneno yangu yako bombani. Nimewauliza, wananambia yametoka kitabuni kwenu."

Nilisubiri aniulize mimi. Hakuniuliza.

"Mie nimemwambia mtu mmoja tu duniani. Shoga yangu. Na shoga yangu ndiye anayemfulia nguo padri wenu."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Ulimi ninao, nilihubiri nao kila Jumapili. Nikasema, "Pole, mama."

Wale wawili walichezwa unyago pamoja, wakaahidiana kwamba atakayetangulia kufa atakoshwa na mwenzake. Mama akaniambia nilete karatasi. Hakujua kuandika, barua zake zote nilimwandikia mimi.

"Baada ya salamu," akaanza. "Siri niliyokupa umewapa Wazungu. Usikanyage kwangu, harusini wala msibani. Nami nikifa, usinikoshe."

Nikaandika, kwa hati nzuri. Akataka nimsomee, nikamsomea. Akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Ndivyo nilivyosema. Wewe hupunguzi wala huongezi. Mungu akulipe."

Barua niliipeleka mwenyewe hadi Mtoni. Nilimkuta shoga mtu akianika kanzu za padri, akafuta mikono kwenye khanga, akafurahi kupata barua. Yeye naye hakujua kusoma. "Nisomee, mwalimu," akasema. Njiani nilikuwa nimewaza kumsomea salamu peke yake na kuuficha ule mwiba. Nikaogopa kwamba atakwenda kwa mwenzake, watazungumza, na mambo yatafika kwangu. Nikasoma yote.

Alisimama na kibanio cha nguo mkononi. "Nimemkosea nini?"

Nikamwambia sijui.

Mama alifariki baada ya masika ya pili. Nilikuwa bado nimepanga pale pale, futari bado ikiletwa mlangoni kwangu kila Ramadhani. Wanawake wa jirani ndio waliomkosha. Shoga yake alikuja, lakini hakuingia. Alisimama ng'ambo ya barabara, amejifunika khanga hadi puani, mpaka jeneza likatoka. Nilivuka nikasimama karibu naye. Nilimwambia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishukuru kwa kumtunza mwenzake.