Talaka ya Homa

Mwaka mmoja kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao Bagamoyo, mume wangu, fundi wa kuchonga milango, alishikwa na homa. Siku ya tatu akawa anatazama siafu ukutani, ambao mimi sikuwaona, akasema, "Nimekuacha." Wifi yangu alikuwa mlangoni, akasikia. Talaka mbili nilikwishapewa zamani kwa hasira za mume wangu, na mara zote mbili alinirejea. Ya tatu haina marejeo.

Wifi, ambaye hakunipenda tangu siku ya harusi, akatoka mbio kuwaambia majirani. Nilipobaki peke yangu, mgonjwa akasema tena, taratibu, "Na sufuria ya shaba ya mama yako uichukue."

Homa ilipotulia alisema hakumbuki lolote. Tukaenda kwa kadhi. Wifi akashikilia kuwa sauti ilikuwa ya kaka yake, safi kabisa.

"Hata aliyelala huweweseka kwa sauti yake," kadhi akamjibu. "Nauliza kama akili ilikuwepo."

Mume wangu akaapa kwamba hakumbuki.

"Kusahau si hoja. Mtu husahau hata aliyoyasema akiwa na akili timamu." Kisha akanigeukia. "Bibi, wewe ndiye uliyemuuguza. Alijua anasema na nani?"

Nilimchukia kwa swali lile. Nitaingiaje kichwani mwa mtu mwingine? Lakini sufuria ilinikaa moyoni. Asiye na akili hakumbuki chombo ni cha nani. Nilimpenda mume wangu, na kurudi Miono kwa kaka yangu sikutaka hata kukuwaza.

"Alikuwa akisema na siafu," nikajibu.

Kadhi akahukumu kuwa ile si talaka. Wifi alininunia hadi mfungo wa Ramadhani.

Miaka mingi baadaye, kila nikitandika kitanda, nilijiuliza kama mimi ni mke au mzinifu. Mume wangu sikumwambia. Niliona haya kumtwika dhambi ambayo hata haijui.

Tukazeeka. Asubuhi moja sufuria ile ikaanza kuvuja, nikasema imekwisha kazi, nitaitupa. Akaichukua, akaipakata, akawa anaifuta masizi kwa kiganja.

"Usiitupe," akasema. "Siku ile nilipokwambia uichukue, nilikuwa namwomba Mungu uiache palepale."