Kaburi la Bibi na Trekta la Kijiji

Mama yangu alikuwa hajawahi kuliona kaburi la mama yake. Kwetu Uzaramoni jeneza likitoka uani wanaume hulifuata, wanawake hubaki na vilio vyao, na mama alikuwa binti mdogo, akabaki. Mjomba, mdogo wake, alikuwa kichanga cha siku ile ile, maana bibi alikufa kwa uzazi wake. Shangazi yao akawachukua wote wawili, akawalea Temeke, na huko shamba hawakurudi tena. Babu akaoa mbali, naye akafa. Mama akawa anamsomea bibi dua bila kujua ageukie wapi.

Ukaja mwaka wa operesheni, watu wanahamishwa kwenda vijiji vya ujamaa. Jumamosi moja sokoni Buguruni, mwanamke mmoja wa kule kwao, muuza mihogo, akamshika mama mkono. Akamwambia vitongoji vya zamani vyote vimehamishiwa barabarani, mahame yanalimwa yawe shamba la kijiji, trekta limeshafika. "Dada, kama una mtu wako amelala kule, wahi."

Mama alirudi nyumbani na kikapu kitupu. Hakununua hata nyanya. "Kesho tunakwenda," akasema, na hakuna aliyethubutu kumuuliza tunakwenda wapi.

Mjomba alikuwa dereva wa kampuni, akiruhusiwa kulala na pikapu. Lakini ile ilikuwa miaka ya shida ya mafuta. Jumapili ikifika saa nane mchana gari halitakiwi barabarani, na ukikamatwa na gari la watu, kazi huna. Kwa hiyo tulikuwa na asubuhi tu. Tuliondoka alfajiri, sie watatu tumebanana mbele, mama katikati na furushi lake: chetezo, udi, kitambaa cheupe, na jembe limetokeza mpini.

"Jembe la nini, dada?" mjomba akauliza.

"La kuinulia tuta, wenye trekta walione. Endesha."

Tulipita Kibamba. Kila tukikutana na gari mjomba aliitazama saa yake, na kila akiitazama mama alisonya. Mie nilikuwa msichana wa kiwandani nisiyejua kuvumilia, nikamwambia mjomba aivue hiyo saa aitie mfukoni. Akanijibu kwamba mie sina watoto wa kulisha. Ni kweli, sikuwa nao, ila liliniuma.

Tukaacha lami, tukashika njia ya mchanga. Mama hakukumbuka tena ni kitongoji kipi kilikuwa chao. Cha kwanza kilikuwa kimekwisha kuwa hame: nyumba hazina paa, vyungu vimeachwa uani, mbwa mmoja tu anatubwekea kwa woga. Makaburi yalikuwa nyuma. Mengine yana mti uliochomekwa kichwani, mengine sahani iliyozikwa nusu, na hakuna hata moja lenye jina. Mama aliyapita moja moja ameinama.

"Mama, tunatafuta alama gani hasa?"

"Nikiliona nitalijua."

"Utalijuaje na hujawahi kuliona?"

Alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Jua likawa linapanda, akayamaliza yote, akarudi garini.

Pa pili tulipofika, mjomba alifunga breki ghafla. Palikuwa pameshalimwa. Udongo mwekundu, mabonge yamepinduka, matairi yamechora mistari kutoka mwanzo hadi mwisho. Mjomba akashuka, akaokota kipande cha sahani chenye maua ya buluu. Mama alipokiona alipiga ukelele, akakaa chini pale pale kwenye matuta. Jamani, niliogopa. Nilidhani tumechelewa, na kwamba mama hatainuka pale.

"Si lazima iwe ni hapa," mjomba akasema. Kuna mahali pengine, akasema, tuulize watu.

Kijiji kipya kilikuwa kando ya njia, nyumba zimepangwa mstari, udongo wa kuta bado mbichi. Balozi wa nyumba kumi akatusikiliza, akasema waliozika wengi wameshazikwa wenyewe. Amebaki mmoja aliyechimba makaburi ya watu wa kule, mtani wenu, Mnyamwezi, baba yake alikuja kukata mkonge akalowea huku. Akatuonyesha mzee mwembamba amekaa kibarazani anasuka mkeka.

Mama akamwamkia, akamweleza ni mtoto wa nani. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, akacheka.

"Mama yenu? Huyo nilimuuza kwa gunia la chumvi."

"Mtani, tafadhali."

"Aa, nimekumbuka. Alikuwa mzito, nikamwacha njiani. Nyie Wazaramo mnakula sana, kubeba hamjui."

Kwa mbali nikalisikia trekta. Linanguruma, linanyamaza, linanguruma tena. Damu ikanipanda.

"We mzee huna haya! Watu wanatafuta marehemu wao, wewe unacheka!"

"Nyamaza!" Mama alinigeukia mie, si yeye. "Mtani hakasirikiwi. Ndiye aliyemweka mama yangu ardhini, atasema anachotaka."

Kisha akamgeukia mzee, na machozi yanamtoka akamjibu utani: "Gunia la chumvi ulilipata wapi wewe, na kwenu hamjui hata kuonja mchuzi?" Akavua kanga yake ya juu, akamkabidhi. "Haki yako hii. Twende."

Mzee akaacha kucheka. Akaijaribu kanga begani, akainuka.

Alituongoza kwa miguu kwenye nyasi zinazofika kiunoni. Tulipotokeza upande wa pili, trekta lilikuwa hapo hapo, linakuja kwa mistari, linageuka, na kila likigeuka limesogea. Mbele yake palikuwa na vituta vitatu, vya chini sana, ungeweza kuvipita ukadhani ni vichuguu. Mzee akavizunguka. Akasimama kwenye kimoja, akaenda kwenye kingine, akarudi. Nilimtazama usoni, na hapo ndipo nilipoelewa mizaha yote ile ilikuwa inafunika nini.

"Ni moja ya haya," akasema taratibu. "Masika mengi yamepita, mwanangu. Nilichimba matatu mwaka ule."

Mjomba akamkimbilia dereva, akipunga mikono. Dereva kijana, mgeni wa huko, vumbi limemjaa hadi kope. Hakuzima hata injini. Alisema ameambiwa alime hadi kwenye migomba ile, jioni trekta linatakiwa kijiji kingine, na kama tuna malalamiko tukamwone mwenyekiti.

"Mwenyekiti yuko wapi?"

"Mkutanoni, wilayani."

Akatia gia.

Yule mtani akaenda zake hadi kwenye kituta cha kwanza, akajinyoosha chali kando yake, kanga ya mama ameikumbatia kifuani. Ndivyo wafanyavyo watani mazishini. Huingia kaburini wakalala, wakakataa kutoka hadi wafiwa watoe kitu. "Sitoki!" akapiga kelele. "Sitoki hadi nilipwe!"

Dereva akacheka. Halafu akaacha kucheka, akazidisha moto, trekta likasogea. Mzee hakutikisika. Mama akanikabidhi furushi, akaenda kwenye kituta cha pili, akalala kwa ubavu, mkono juu ya udongo.

"Dada, haifai!" mjomba akaita. "Dada, inuka, kijana anatutazama! Saa nane inafika!"

Mjomba akaitazama saa. Akatazama kituta cha tatu, kilichobaki peke yake. Akaenda, na shati lake jeupe la Jumapili, akalala.

Mie nilibaki nimesimama mbele ya tairi na jembe mkononi. Nilimtukana yule dereva matusi ambayo mama hakujua nayajua. Sijui kama aliyasikia. Alitutazama sie wote wanne, akaguna, akainua plau, akakata kona. Alilima kutuzunguka, mstari hadi mstari, akaacha kisiwa cha nyasi na watu ndani yake.

Nikadhani sasa watainuka. Nikasubiri. Saa nane ikapita, hakuna aliyeinuka, hata mtani. Nikaenda kumwinua mjomba, maana ndiye mwenye gari na ndiye mwenye kazi ya kupoteza. Alikuwa amegeuka kifudifudi, uso kwenye nyasi, mtu mzima na mvi zake.

Neno lile sikuwahi kumsikia akimwita mtu. Shangazi yake alimwita shangazi, dada yake alimwita dada. Sasa alikuwa analisema pole pole, kama analijaribu mdomoni.

"Mama," alikuwa akisema. "Mama, ni mie. Ni mie yule mtoto."