Mtoto Aliyetanguliza Miguu

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika mtoto, nilishika ndoo. Sista Mkuu wa wodi ya wazazi pale Kilosa, Mzungu mrefu mwenye miguu mikubwa kuliko ya mume wangu, alinitazama kutoka kichwani mpaka nyayo, kisha akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza.

"Basi utapiga deki," akasema.

"Nitapiga deki, Sista, lakini macho sitayafunga."

Wenzangu wakaziba midomo. Yeye hakunifukuza. Nadhani alikuwa amechoka na watu wa ndiyo-Sista.

Uhuru ulikuwa bado kidogo. Nilideki huku nikitazama. Nilijifunza kuweka ile pembe ya mbao juu ya tumbo na kutega sikio mpaka nisikie moyo wa mtoto ukikimbia kama mtu anayetwanga kwa haraka. Nilijifunza kwamba mtoto akishatoka kazi haijaisha, kwa sababu kondo la nyuma likibaki ndani, mama anakwenda huku watu wanapiga vigelegele. Ninyi wauguzi wa leo mnamwona mtoto kwenye kioo kabla hajazaliwa. Sisi tulimwona kwa vidole.

Siku hizi watu wananijia kuniuliza habari za watu maarufu niliowapokea, kila muongo na wake: mpiga gitaa wa miaka ya hamsini, mkimbiaji wa miaka ya sitini, mheshimiwa wa miaka ya sabini. Wananipiga picha nimekaa kwenye kiti. Wanadhani umaarufu huonekana mtoto akitoka. Hauonekani. Wote walitoka wamekunjamana na wenye hasira.

Yule wa gitaa alikuwa wa kwanza kabisa kunijia mikononi nikiwa peke yangu, Sista Mkuu akiwa kwenye chai. Aliporudi alikagua kitovu nilivyokifunga, akakivuta uzi, akasema, "Nani alikufundisha?" Nikasema, "Wewe, hukujua tu." Ndiye aliyeniombea nafasi ya mafunzo ya ukunga kabla ya kurudi kwao. Kijana alikua, Dar es Salaam nzima ikacheza kwa vidole vyake, kisha pombe ikamla. Alikuja kufia Kilosa, wodi ya wanaume, ng'ambo ya ua wa wodi aliyozaliwa. Wale wa bendi hawakufika.

Baada ya mafunzo nilipelekwa Munisagara. Zahanati ilikuwa vyumba viwili kando ya reli. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Mganga, mtu mpole aliyekohoa kabla ya kusema neno lolote zito. Azimio lilikuwa limeshatangazwa, redio inahimiza kujitegemea, nasi tunachemsha vifaa kwenye sufuria ya kupikia ugali.

Asubuhi moja mama mmoja mzee alimleta mkwewe, msichana anayeitwa Mwanahawa, uzazi wake wa kwanza. Nilipompapasa tumbo nikakuta kichwa cha mtoto kiko juu, chini ya mbavu. Chupa ilikuwa imeshapasuka, yaani yale maji ya mtoto yameshatoka, na treni ya kwenda Kilosa imeshapita. Mtoto anayekuja hivyo havutwi. Kumvuta ndiko kunakoua. Unaiweka mikono yako nyuma ya mgongo wako mwenyewe, unamwacha ashuke kwa uzito wake mpaka uone nywele za kisogo, ndipo unamshika miguu na kumwinua pole pole. Nilihitaji mtu wa kumshika Mwanahawa mabega, na aliyekuwepo ni yule mama mkwe. Kwa hiyo aliona. Aliona visigino vikitangulia.

Alikuwa mtoto wa kike, akalia vizuri. Mama mkwe hakupiga kigelegele.

"Mkunga," akasema, "huyu haingii kwangu."

Vijana wa sasa hamyajui haya. Mtoto aliyetanguliza miguu, au aliyeota meno ya juu kwanza, wazee wa kwetu walimwita kigego. Walisema akilelewa ndani ya ukoo, ukoo unakwisha mmoja mmoja.

"Bibi," nikamwambia, "nchi imepata uhuru, wewe bado unaogopa visigino?"

"Uhuru umemzuia nani kufa? Mume wangu yuko kitandani tangu masika. Nikimwingiza huyu, namzika yule. Wewe utakuja kunilisha?"

Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa anatetemeka kuliko mzazi mwenyewe.

Bwana Mganga akakohoa. "Sheria ipo. Nitamwita mwenyekiti wa kijiji."

"Mwenyekiti atakuja, atahutubia, tutapiga makofi, ataondoka," nikamjibu. "Halafu nani atalala na mtoto?"

Yeye na mimi tulishaona watoto wa namna hiyo wakitoka zahanati wanalia, na kesho yake tunaambiwa wamelaliwa na mama kwa bahati mbaya. Hakuna aliyeuliza.

Chumba cha pili alikuwamo mwanamke wa wafugaji wa bondeni, jina lake Nasieku. Mtoto wake alikuwa amezaliwa jana yake bila pumzi, na maziwa yalikuwa yanamlowesha shuka. Alikuwa amesikia kila kitu, maana ukuta ulikuwa wa fito.

"Kwetu miguu ni miguu tu," akasema. "Nileteeni."

Mwanahawa akashika mkono wangu. "Da Rehema, anyonye kwangu mara moja. Mara moja tu."

"Akinyonya hutamwachia," mama mkwe akadakia. Na kwa hilo alisema kweli.

Nilimbeba mimi. Mlangoni Nasieku akanizuia. "Akinyonya kwangu ni wangu. Nipe neno lako. Nikiwa hai, mtu asimwambie ana mama mwingine. Wala huyo mama asijue mimi ni nani."

Nikampa neno langu. Kama mnataka niseme najuta, mtangoja sana. Mtoto alikuwa hai, na kumtoa pale akiwa hai ndiyo ilikuwa kazi niliyoajiriwa.

Mzee mgonjwa alikufa hata hivyo, arobaini ya mtoto ilikuwa haijafika. Mwanahawa hakushika mimba nyingine. Mume akamwacha, naye akahamia kwa kaka yake Mabwerebwere, pale pale Kilosa, akawa anapika vitumbua.

Mimi nikahamishiwa Mikumi wakati watu wanakusanywa kwenye vijiji vya ujamaa. Pale mkubwa wangu alikuwa Bibi Afya, mwanamke wa kutembea upesi, aliyenikuta siku moja nimepiga magoti kando ya lori, nazuia jua kwa turubai, mama mmoja anajifungua huku vyombo vyake vinashushwa. "Rehema, hii ni wodi gani?" "Wodi ya Chama, Bibi." Alicheka, kisha akavua kitenge chake tukamfunika mtoto. Mtoto huyo leo ni mheshimiwa, na jukwaani anasema alizaliwa hospitali kubwa. Sijali. Ila zahanati ile bado inachota maji mtoni, na hilo analijua.

Nasieku alikuwa akipita Mikumi na ng'ombe, akimleta binti kwa chanjo. Alikuwa binti mrefu, mkimya, anakimbia nyuma ya ndama hata pasipo sababu. Sikuwahi kumgusa zaidi ya kumchoma sindano.

Niliporudishwa Kilosa, Mwanahawa akawa jirani yangu. Redio ilipoanza kumtaja mkimbiaji wa kike kutoka bonde letu, mtoto wa wafugaji, alikuwa anakuja na sinia lake la vitumbua na kukaa kwangu mpaka taarifa ya michezo iishe. Siku moja alileta gazeti lililofungiwa sukari.

"Da Rehema, tazama kidevu hiki. Ni cha baba yangu."

"Videvu vinafanana."

"Niambie tu ndiyo au hapana."

"Sina la kukuambia."

Alilikunja gazeti. "Umeshaniambia," akasema. Hakuniuliza tena.

Kisha binti akarudi na medali, wilaya ikamwandalia mapokezi uwanjani. Ngoma, wanafunzi, hotuba ndefu ya mkuu. Baadaye ikatangazwa kwamba kina mama wapange foleni wampe mkono. Mwanahawa alivaa kanga mpya akaingia kwenye foleni, mimi nyuma yake. Mbele kabisa alisimama binti, na kando yake Nasieku, shanga zimejaa shingoni, amemshika kiwiko kama mtu anayeogopa umati utamchukua.

Walipobaki watu wachache mbele yetu, Mwanahawa akatoka pembeni.

"Rudi," nikamwambia. "Zamu yako imekaribia."

"Nimemwona."

"Umemwona kwa mbali."

"Nikimshika nitasema. Najijua. Na yule mama pale atakufa kwa aibu mbele ya watu wote hawa." Akajitanda vizuri. "Wewe nenda. Mpe mkono."

Nikaenda. Binti akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba. Nasieku alinitambua. Macho yake yaliniomba, na sikusema kitu.

Masika yaliyofuata homa ilimchukua Mwanahawa. Nilimwosha mimi, maana hakuwa na binti wa kumwosha. Kaka yake alimrudisha Munisagara kwenye makaburi ya kwao.

Nilistaafu muda si mrefu baadaye. Kustaafu ni kukaa mlangoni na kuhesabu waliokutangulia. Vijana wananiuliza ukunga ulinipa nini. Ulinipa mgongo mbovu, na salamu kila nikikatiza sokoni, kutoka kwa watu wazima na ndevu zao ambao niliwaona uchi kabla ya mama zao. Siwaonei wivu wenye vyeti. Lakini hakuna mkubwa wangu hata mmoja aliyenifundisha mtu afanye nini na neno alilolitoa mlangoni.

Mwaka aliokufa Nasieku, binti alikuja kwangu. Alishaacha kukimbia, anachechemea kidogo goti la kushoto.

"Shikamoo bibi. Mama kabla hajafa aliniambia nije kwako. Hakusema kwa nini."

Nikamwambia afunge mlango. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, sikupamba wala sikupunguza. Alisikiliza akitazama sakafu. Kesho yake tukapanda treni mpaka Munisagara, nikamwonyesha kaburi, lililokuwa limeota majani. Akayang'oa yote bila kuniruhusu nimsaidie. Kisha akakaa chini.

"Aliwahi kuniona?"

"Alikuona. Siku ya medali, uwanjani. Alikuwa kwenye foleni."

Akatazama viganja vyake vilivyojaa udongo.

"Niliwashika mikono wengi siku ile. Yeye nilimshika?"

Mimi si mtu wa kusema uongo ili mwingine alale.

"Hapana," nikamwambia.